Kuitambua Trafiki ya Sarafu za Kripto katika Mitandao Iliyosimbwa: Yanayowezekana na Yasiyowezekana

Ndugu Mwenyekiti, wahandisi wa mitandao, watafiti, wasimamizi wa mifumo na wageni waalikwa,

Nimeombwa kuzungumzia swali ambalo wasimamizi wa mitandao huulizwa na wakubwa wao mara kwa mara, tena kwa namna inayodhania kwamba jibu lake ni jepesi: je, inawezekana kujua kwamba kompyuta fulani inachimba sarafu za kripto, yaani inafanya mahesabu ili ilipwe sarafu, au inazisambaza, ilhali kila pakiti (kipande cha data) inayotoka kwenye kompyuta hiyo imesimbwa, yaani imefichwa isisomeke? Jibu langu ni kwamba inawezekana kwa baadhi ya shughuli na haiwezekani kwa nyingine, na kwamba asiyezitenganisha shughuli hizo ataishia kuwashutumu wasiohusika huku wahusika wakipita kimya. Sehemu kubwa ya muda nitautumia kwenye uchimbaji, kwa sababu huko ndiko ushahidi ulikojaa. Pochi za kawaida, yaani programu za kutunza na kutuma sarafu, nitazipitia kwa haraka.

Kuna wakati kazi hii haikuhitaji ustadi wowote. Bitcoin ilipoanza kufanya kazi Januari 2009, nodi zake, yaani kompyuta zinazouendesha mtandao wake, zilizungumza waziwazi. Kila ujumbe kwenye mtandao wake mkuu ulianza kwa baiti nne zilezile, F9 BE B4 D9, zikafuatwa na jina la amri lililoandikwa kwa herufi za kawaida, na nodi nyingi zilisikiliza kwenye poti (namba ya mlango wa mtandao) 8333. Stratum nayo, itifaki (kanuni za mawasiliano) inayomuunganisha mchimbaji na kundi lake la uchimbaji, yaani seva inayowagawia kazi wachimbaji wengi, ilikuwa maandishi ya kawaida ya JSON yanayosafiri ndani ya TCP bila kufichwa, kiasi kwamba maneno kama mining.subscribe na mining.submit yalisomeka bila kufumbuliwa. Kanuni moja fupi kwenye mfumo wa kugundua uvamizi ilitosha kuwapata wote. Uwazi huo ulikuwa na gharama yake: mwaka 2014 watafiti wa Dell SecureWorks walieleza jinsi mtu mmoja alivyoziteka njia za intaneti zinazopangwa kwa BGP, itifaki inayoelekeza trafiki kati ya mitandao, akawaelekeza wachimbaji wa watu kwenye seva yake, na kujipatia sarafu za thamani ya takriban dola 83,000 za Kimarekani, kwa kuwa mashine zile hazikuwa na namna ya kuthibitisha zinaongea na nani.

Hali hiyo imebadilika. Ethereum ilikuja mwaka 2015 ikiwa na usimbaji ndani ya itifaki yake ya usafirishaji. Stratum inaweza kupitishwa ndani ya TLS, usimbaji uleule unaolinda tovuti, na toleo lake la pili limesimbwa tangu kwenye muundo wake. Bitcoin ilichelewa zaidi: mpango uitwao BIP 324 uliingia katika programu kuu ya nodi zake, Bitcoin Core, toleo 26.0 mwezi Desemba 2023, na toleo 27.0 la Aprili 2024 likaufanya uwe utaratibu wa kawaida. Wabunifu wake hawakutosheka na kuficha maudhui. Walitaka mkondo mzima wa baiti, kuanzia ile ya kwanza kabisa, uonekane kama data nasibu. Kwa hiyo hata funguo zinazobadilishwa mwanzoni zimegeuzwa zisitofautike na takataka, na kila upande unaweza kuongeza takataka halisi hadi baiti 4,095 ili urefu wa salamu za mwanzo usitabirike.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Mkondo usiofanana na chochote, kwenye mtandao ambamo karibu kila kilichosimbwa huanza kwa salamu za TLS zinazojulikana, unaweza kuvuta macho kwa sababu hiyohiyo ya kutofanana. Mwaka 2023 watafiti walieleza namna mfumo wa udhibiti wa intaneti wa China ulivyokuwa ukizuia, tangu Novemba 2021, mikondo inayoonekana nasibu kuanzia pakiti ya kwanza. Kipimo chake hakikuhitaji kujua ndani kuna nini. Kiliwaacha wenye sura inayofahamika, kikawakamata waliobaki. Kwa maneno mengine, kujificha kwa kukosa sura ni jambo moja, na kujificha kwa kuvaa sura ya wengi ni jambo jingine. BIP 324 ilichagua la kwanza.

Sasa tuingie kwenye kiini. Usimbaji wa kisasa huficha maneno, ila hauubadili sana urefu wa ujumbe wala wakati ulipotumwa. TLS 1.3, iliyochapishwa Agosti 2018, huficha hata cheti cha seva, jambo ambalo matoleo yaliyotangulia hayakulifanya. Lakini ujumbe wa baiti 400 hutoka ukiwa na baiti 422, yaani 5 za kichwa cha rekodi, 1 ya kuonyesha aina ya maudhui na 16 za muhuri wa uthibitisho. Itifaki inaruhusu kujazia baiti tupu ili kupotosha urefu, ila programu nyingi hazijishughulishi na hilo. Mtazamaji yumo katika hali ya mtu anayesikia kinu kikitwangwa nyuma ya ukuta: hamwoni mtwangaji wala hajui kinachotwangwa, lakini mdundo wa mchi anausikia, na akikaa vya kutosha atajua watwangao ni mmoja au wawili.

Mdundo wa mchimbaji una sifa zinazoonekana kwa haraka kwa mwenye kumbukumbu za mikondo (nani aliwasiliana na nani, lini, na kwa baiti ngapi), hata zile za muhtasari ambazo ruta huzitoa bila kuhifadhi maudhui. Muunganisho mmoja hudumu saa nyingi, pengine siku kadhaa. Data inayopita ni kidogo mno kwa muda huo. Seva ndiyo inayosukuma habari bila kuulizwa, tofauti na kuvinjari tovuti ambako mtu huomba kisha akajibiwa. Ndani ya mkondo huo mna aina mbili za jumbe zenye tabia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo yenye faida kwetu.

Aina ya kwanza ni kazi mpya inayotoka kwa kundi la uchimbaji. Kazi ya Bitcoin katika Stratum hubeba tawi la Merkle, yaani orodha ya hashi (alama za urefu maalumu zinazokokotolewa kutoka kwenye data) zinazowakilisha miamala, na bloku (fungu la miamala) yenye miamala kati ya 2,049 na 4,096 huhitaji hashi 12 katika tawi hilo. Kila hashi ikiandikwa kwa herufi 64, tayari tumefika herufi 768 kabla ya kuhesabu kingine chochote. Mara tu bloku mpya inapopatikana duniani, baadhi ya makundi hutuma kwanza kazi ya bloku tupu, isiyo na tawi, ili wachimbaji wasikae bure, kisha hufuatiliza kazi kamili. Nje ya usimbaji, hayo yanaonekana kama pakiti fupi inayofuatwa punde na iliyo ndefu zaidi.

Aina ya pili ni majibu ya mchimbaji, yaani ushahidi mdogo wa kazi uitwao hisa. Urefu wake karibu haubadiliki, kwa sababu sehemu zake zina ukubwa maalumu, lakini muda kati ya hisa moja na nyingine haufuati saa. Uchimbaji ni bahati nasibu isiyo na kumbukumbu, na aliyesubiri sekunde 30 hayuko karibu na ushindi kuliko aliyeanza sasa hivi. Programu ya kawaida inayotuma ishara ya "nipo hai" hufanya hivyo kila baada ya muda uleule. Mchimbaji hutoa jumbe za urefu mmoja kwa vipindi vilivyotawanyika kama nadharia ya uwezekano inavyotabiri, huku wastani wake ukishikiliwa mahali pamoja na seva, ambayo hupandisha au kushusha ugumu ili hisa zisiwe nyingi mno wala chache mno. Ulinganifu wa urefu ukikutana na utawanyiko wa namna hiyo wa nyakati, ni vigumu kuupata kwenye programu nyingine.

Halafu kuna ushahidi ambao kwa maoni yangu ndio wenye nguvu kuliko yote, nao hautoki ndani ya mkondo. Mnyororo wa bloku ni wa hadharani. Bloku ya Bitcoin hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, ya sarafu ya Monero kila dakika 2, lakini wakati halisi wa kila moja hautabiriki na ni uleule kwa wachimbaji wote. Anayeendesha nodi yake anaweza kuandika dakika na sekunde ambayo kila bloku ilimfikia, kisha akaangalia kama mkondo anaoushuku ulipokea kazi mpya sekunde chache kando ya nyakati hizo. Bahati inaweza kuzilinganisha mara moja au mbili, lakini haiwezi kufanya hivyo kwa bloku 60 mfululizo. Angalizo moja: msitumie muda ulioandikwa kwenye kichwa cha bloku ya Bitcoin, kwa sababu kanuni huruhusu uwe mbele kwa hadi saa 2, na kwa nyuma unadaiwa tu uuzidi muda wa kati (median) wa bloku 11 zilizotangulia. Tumieni muda wa kufika kwenye nodi yenu.

Ethereum haina tena wachimbaji tangu ilipobadili mfumo wake Septemba 15, 2022, lakini mdundo wake umekuwa wa wazi zaidi kuliko wa Bitcoin. Wakati wake umegawanywa katika vipindi vya sekunde 12, na hesabu ilianza Desemba 1, 2020, saa 12:00:23 adhuhuri kwa saa za dunia (UTC). Kwa kuwa 12 hugawanya 60 bila baki, kila kipindi huanza katika sekunde ya 11, 23, 35, 47 au 59 ya kila dakika, na imekuwa hivyo tangu siku ile. Bloku hutangazwa mwanzoni mwa kipindi, kura za wathibitishaji, walioshika nafasi ya wachimbaji, huja kufikia sekunde ya 4, na kura zilizokusanywa kufikia sekunde ya 8. Mhandisi akiichora trafiki ya nodi hiyo kwa kuirundika dakika juu ya dakika, vilima vitano huinuka mahali palepale, hata kama hajui baiti moja ya kilichomo.

Nodi kamili ya Bitcoin isiyochimba nayo hujitambulisha, ingawa kwa sauti ya chini. Huanza kwa kupakua historia yenye mamia ya gigabaiti, kisha hutulia na kudumisha miunganisho kadhaa ya kudumu. Utaratibu wa mwaka 2016 wa kufupisha bloku huwakilisha kila muamala kwa baiti 6, kwa hiyo bloku yenye miamala 3,000 hufika kama mpasuko wa kilobaiti 18 hivi, karibu wakati mmoja kutoka kwa zaidi ya jirani mmoja.

Yote haya yangebaki mazoezi ya maabara kama yasingekuwapo matumizi halali yenye uzito, nayo ni kuwakamata wanaochimba kwa mashine na umeme wa wengine. Tarehe 11 Februari 2018 tovuti zaidi ya 4,000, ikiwemo ya mamlaka ya kulinda taarifa binafsi nchini Uingereza, zilijikuta zikiwachimbisha wageni wao Monero kwa sababu programu moja ya kusomea maandishi kwa sauti, iliyotumiwa na tovuti zote hizo, ilikuwa imepachikwa msimbo wa Coinhive, huduma ya kuchimba Monero ndani ya kivinjari. Coinhive ilifungwa Machi 2019, lakini wavamizi walikwisha kuhamia kwenye seva. Mwezi huohuo wa Februari 2018 kampuni ya usalama ya RedLock ilieleza uvamizi katika akaunti ya wingu ya Tesla, ambako wachimbaji haramu walitumia seva yao wenyewe badala ya kundi linalojulikana, wakaificha nyuma ya huduma ya CloudFlare, wakachagua poti isiyo ya kawaida, na wakaizuia programu yao isitumie prosesa kupita kiasi.

Mfano huo unaonyesha kwa nini siziamini sana mbinu zinazotegemea anwani. Orodha za seva za makundi ya uchimbaji, jina la tovuti linaloonekana kwenye salamu za TLS, na alama za salamu zenyewe kama JA3 iliyotangazwa mwaka 2017, zote ni za kutumia kwa sababu ni rahisi na huwanasa wazembe. Aliye makini huweka seva yake ya kati, akaipa jina lisilo na shaka na poti 443 inayotumiwa na tovuti za kawaida, na orodha zote zikawa hazina kazi. Hata alama za JA3 zilipoteza makali pale kivinjari cha Chrome kilipoanza mwaka 2023 kuchanganya mpangilio wa vipengele vya salamu zake.

Mdundo ni mgumu zaidi kuufuta, na sababu yake ni ya kiuchumi. Mchimbaji anaweza kuficha maneno, kuficha anwani na kujazia baiti. Asichoweza kukifanya bila hasara ni kuchelewesha kazi mpya, kwa sababu kila sekunde anayoitumia juu ya bloku iliyokwisha kupitwa ni umeme uliopotea. Anaweza kuuzamisha mkondo wake ndani ya trafiki bandia isiyokoma, na hilo likifanywa vizuri litamchosha mtazamaji; lakini mkondo unaotuma data usiku na mchana bila sababu nao huuliziwa.

Nilisema nitazipitia pochi kwa haraka. Pochi ya simu huuliza salio kwenye seva, hupata jibu, hunyamaza. Muamala hutumwa mara moja na kwisha. Hakuna mdundo, hakuna muda mrefu, na mkondo wenyewe ni HTTPS sawa na wa programu ya hali ya hewa. Kinachobaki ni jina la seva iliyofikiwa, nalo litaonekana kwa muda tu, kwani njia ya kulificha ndani ya salamu imeshaanza kutumika kwenye vivinjari. Anayewauzia chombo cha kutambua watumiaji wa pochi ndani ya trafiki iliyosimbwa mwombeni awaonyeshe majaribio yake, tena kwenye mtandao ambao chombo chake hakikufunzwa.

VPN, njia iliyosimbwa inayopitia seva ya kati, na Tor, mtandao wa kuficha nani anawasiliana na nani, huongeza ugumu kwa namna tofauti. VPN hurundika mikondo mingi ndani ya mmoja, hivyo mdundo wa mchimbaji hubaki lakini huchanganyika na wa wengine. Usiku, watu wakilala, husikika tena. Tor hukata kila kitu katika vipande vya ukubwa mmoja na hivyo kuharibu ushahidi wa urefu, lakini huacha wa wakati, na waliobuni Tor walieleza tangu mwaka 2004 kwamba haikusudii kumzuia anayetazama ncha zote mbili.

Sasa nije kwenye hesabu inayoharibu miradi mingi mizuri. Chukulieni mtandao wenye mikondo 100,000 kwa siku, ambamo 100 tu ni ya uchimbaji, na chombo kinachonasa 99 kati ya kila 100 ya kweli huku kikikosea kwa 1 tu kati ya kila 100 isiyohusika. Kwa sikio, hicho ni chombo bora. Kwa siku moja kitanasa mikondo 99 ya kweli na kupiga kengele za uongo 999, kwa hiyo kengele ya kweli ni takriban moja kati ya 11. Chombo kingine, kinachonasa 80 tu kati ya 100 lakini kinachokosea mara 1 katika 10,000, kitatoa kengele 90 hivi, na 80 kati yake zitakuwa za kweli. Mimi ningechukua cha pili bila kusita. Ripoti zinazotangaza usahihi wa asilimia 99 bila kutaja uwiano wa mikondo ya kweli kwenye mtandao halisi hazimwambii mhandisi chochote anachoweza kukitumia.

Tatizo hilo huzidishwa na namna data za mafunzo zinavyokusanywa. Mtafiti huendesha mchimbaji mmoja kwenye maabara, hukusanya trafiki yake, huichanganya na trafiki ya ofisi, kisha hufunza mashine. Mashine hujifunza anwani ya kundi lile, poti ile, pengine hata umbali wa seva kwa milisekunde, na hupata alama za juu kwenye mtihani uliotoka kwenye data hiyohiyo. Ipelekwe kwenye kundi jingine, haioni kitu. Anayetaka kuyaamini matokeo yake na aondoe anwani na poti kabla ya mafunzo, kisha apime kwa makundi na sarafu ambazo mashine haijawahi kuziona.

Upande wa mahali alipo mtu nao una mitego. Kituo cha Chuo Kikuu cha Cambridge kinachofuatilia uchimbaji wa Bitcoin hukadiria mgawanyo wa nchi kwa anwani za mtandao zinazopatikana kutoka kwa makundi ya uchimbaji. Baada ya China kupiga marufuku uchimbaji mwaka 2021, takwimu za Julai na Agosti zilionyesha sehemu yake imefika sifuri. Septemba ikaibuka ghafla kuwa zaidi ya asilimia 22. Mitambo haikujengwa upya kwa mwezi mmoja. Maelezo ya kituo chenyewe ni kwamba inaelekea wachimbaji walikuwa wakipitisha trafiki yao nchi nyingine hadi hofu ilipopungua. Na kituo hichohicho kiliwahi kutahadharisha kwamba sehemu za Ujerumani na Ireland huenda zimekuzwa na anwani za namna hiyo. Kama takwimu zinazotoka kwa makundi yenyewe huweza kupotoshwa hivyo, mtu anayetazama mkondo mmoja kutoka pembeni hana budi kuwa na adabu zaidi katika anachokidai.

Kwa sababu hizo napendekeza kengele ya mtandao iwe mwanzo wa uchunguzi, na kamwe isiwe mwisho wake. Mkondo ukishukiwa, linganisheni nyakati zake na za bloku kwa saa kadhaa, kisha nendeni kwenye kompyuta yenyewe: matumizi ya prosesa, programu zinazoendeshwa, nani aliziweka. Kwenye mtandao unaoumiliki na unaowajibika nao, hatua hizo zote ziko mikononi mwako. Kwa mtoa huduma anayetazama wateja wake kutoka mbali hatua ya mwisho haipo, na ndiyo maana ningekuwa mzito kumkabidhi mtu huyo mamlaka ya kumkatia mteja huduma kwa kengele peke yake. Kumbukumbu zilezile za nyakati na urefu zinazomfichua mchimbaji hueleza pia mtu anaamka lini na anaongea kwa simu wakati gani. Basi zihifadhiwe kwa muda mfupi, na zisomwe na wachache.

Katika ripoti, andikeni kwamba mkondo kutoka anwani fulani, kati ya saa fulani na saa fulani, unalingana na uchimbaji wa Monero kwa bloku kadhaa kati ya kadhaa zilizopimwa. Sentensi inayomtaja mtu kwa jina iandikwe na aliyeikagua mashine, akishaikagua.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kupokea maswali.